Kivuko cha Gangotri: Maandalizi ya Hija ya Wahindu kwenye Chimbuko la Mto Ganga, 1808–2025

Katika masomo ya msamiati linganishi huzuka mara kwa mara swali juu ya neno hija. Neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu, likiwa na maana ya safari ya Makka peke yake. Kwa safari nyingine za ibada, kama vile kuzuru makaburi ya masharifu, watu wa pwani walikuwa na neno ziara. Baadaye Wakristo wakalichukua neno hija na kulipanua, hata leo Mkatoliki wa Lubumbashi au wa Bukavu husema pasipo wasiwasi kwamba fulani amekwenda kuhiji Lourdes. Je, Wahindu nao wana hija? Wanayo, ila jina lake limejengwa juu ya msingi mwingine kabisa. Wao husema tirtha-yatra. Yatra ni mwendo, safari. Tirtha, katika Kisanskriti, hutokana na mzizi wenye maana ya kuvuka, na maana yake ya kwanza ni mahali pa mto ambapo maji ni haba na mtu aweza kupita kwa miguu. Kwa Kiswahili tungesema kivuko. Kwa hiyo Mhindu anayekwenda mahali patakatifu husema, kwa neno lenyewe, kwamba anakwenda kivukoni.

Tumeanza na jambo hili la lugha kwa kuwa ndilo lililotuvuta kwenye historia. Makala haya yahusu hija ya Gangotri, katika milima ya Himalaya, na hasa maandalizi yake: yaani mambo ambayo msafiri alipaswa kuyatengeneza kabla hajafunga mzigo, na watu waliomtengenezea njia. Mwandishi wa mistari hii hajafika Gangotri, wala hadai kuijua kama wenyeji wanavyoijua. Lakini historia ya maandalizi ina faida moja: huonyesha wazi nani alibeba hatari ya safari, na ni lini hatari hiyo ilihama kutoka bega moja kwenda jingine.

Gangotri ni hekalu dogo la mawe meupe lililoko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, katika jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India. Mto upitao hapo huitwa Bhagirathi. Jina la Ganga huanza rasmi mbali huko chini, Devprayag, ambapo Bhagirathi na Alaknanda hukutana. Hadithi ya jina hilo ni ya majivu. Wana 60,000 wa mfalme Sagara waliteketezwa kwa jicho la mtawa Kapila waliyemsumbua katika tafakuri yake, na roho zao zikakosa mahali pa kupumzika. Kilembwe wa ukoo huo, Bhagiratha, akaacha ufalme, akafanya toba ya miaka mingi milimani mpaka mungu wa kike Ganga akakubali kushuka kutoka mbinguni kuyaosha majivu ya wazee. Shiva ndiye aliyempokea kichwani mwake, katika nywele, ili uzito wa maji usiivunje dunia. Msomaji na ashike jambo hilo la mwisho: hata katika hadithi, maji haya ni ya kuogopwa, na lazima pawe na mtu wa kuyazuia.

Hekalu halifunguki mwaka mzima. Hufunguliwa siku ya Akshaya Tritiya, ambayo huangukia Aprili au Mei, na kufungwa mara baada ya sikukuu ya Diwali, Oktoba au Novemba. Theluji ikikaribia, sanamu ya mungu Ganga huteremshwa kwa machela mpaka kijiji cha Mukhba, nyumbani kwa makuhani wa ukoo wa Semwal, na hapo huabudiwa hadi majira ya joto yarudi. Tena ndani ya miezi hiyo sita, mvua za masika ya Kihindi, kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba, huyeyusha kingo za mlima na kuporomosha njia. Kwa hesabu hiyo msafiri hubakiwa na nafasi mbili tu: wiki zile za kabla ya mvua, na wiki chache zilizo baada yake. Hesabu hii haijabadilika tangu zamani, na sehemu kubwa ya maafa tutakayoyataja yalitokea pale watu walipoisahau au pale mvua yenyewe ilipokataa kuifuata.

Katika karne ya 19 maandalizi yalianzia nyumbani, na yalifanana sana na maandalizi ya kifo. Mtu wa Bengal au wa Gujarat aliyekusudia kupanda milimani alilipa madeni yake, akagawa au akaandikia mali yake, akawafanyia wazee wake sadaka ya wafu, akamwomba mnajimu siku njema ya kutoka. Wengi walikuwa wazee na wajane. Hakuna aliyewadanganya kwamba watarudi wote, na kwa wengine kufia njiani hakukuwa hasara, maadamu mwili ungechomwa kando ya mto ule ule waliokuwa wakiutafuta.

Baada ya hapo walishuka uwandani mpaka Haridwar, na huko walikutana na taasisi ambayo kwetu sisi watu wa nyaraka ni ya ajabu kuliko hekalu lenyewe. Panda ni kuhani wa wasafiri. Hakuchaguliwa na msafiri, alirithiwa. Kila panda huwa na daftari ndefu, ziitwazo bahi, zilizopangwa kwa wilaya, kwa kijiji na kwa tabaka, na humo kila ukoo huandika waliozaliwa, waliooana na waliokufa tangu ziara ya mwisho, mara nyingi kwa mkono wa msafiri mwenyewe. Mgeni huulizwa mambo machache tu: jina la kijiji cha asili na jina la ukoo. Kisha daftari hufunguliwa, na mtu husomewa majina ya babu na baba wa babu, pamoja na mwaka waliosimama hapo alipo yeye. Daftari hizo zimewahi kupokewa mahakamani kama ushahidi katika mashauri ya urithi.

Tuzingatie kwamba kinachotazamwa ni asili, si makao. Mhindu wa Mombasa au wa Kampala hatafutwi chini ya jina la Mombasa. Atatafutwa chini ya kijiji ambacho babu yake alikiacha alipopanda jahazi. Familia zilizofukuzwa Uganda mwaka 1972 ziliacha maduka, nyumba na vyeti. Kurasa zao za Haridwar hazikuguswa na amri ile. Vivyo hivyo kwa wafanyabiashara wa Kihindi waliopokonywa maduka yao hapa kwetu wakati wa sera ya zairianisasyo ya mwaka 1973.

Panda ndiye aliyewapangia safari. Alijua wapagazi, alijua bei ya unga, alijua mito iliyovuka kingo. Kwa mwenye nguvu, njia ilikuwa ya miguu. Kwa mgonjwa mwenye fedha palikuwa na machela, na kwa mzee asiye na fedha nyingi palikuwa na kapu kubwa ambalo mpagazi mmoja alilibeba mgongoni, mzee akiwa amekaa ndani, uso ukitazama njia waliyotoka. Waliokusudia mahekalu yote manne ya milimani walikwenda kutoka magharibi hadi mashariki: Yamunotri, Gangotri, Kedarnath, Badrinath, na maji yaliyotekwa katika mawili ya kwanza yalimwagwa Kedarnath kama sadaka. Maji ya Gangotri yalisafiri mbali zaidi, yakitiwa mhuri katika vyombo, hata kufika Rameshwaram katika ncha ya kusini ya India. Akbar mwenyewe, mfalme Mwislamu wa karne ya 16, hakunywa ila maji ya Ganga, akiletewa katika mitungi iliyofungwa, kama waandishi wa baraza lake walivyoandika.

Mpaka hapo hakuna Mzungu katika njia hii. Anaingia mwaka 1808, na anaingia kwa sababu ya ramani. Ramani zilizokuwa zikitumika ziliuchora Ganga ukitokea Tibet na kupenya Himalaya kwa chini, katika tundu liitwalo Gaumukh, yaani mdomo wa ng'ombe. Serikali ya Bengal ikawatuma Webb, Raper na Hearsey kuhakikisha. Walipanda Bhagirathi, wakashindwa na ubovu wa njia kabla ya kufika, wakamtuma karani wao wa Kihindi aendelee mbele akatazame kwa niaba yao. Wahindu wa kila tabaka walikuwa wakifika huko tangu zamani. Lakini ilibidi kungoja mpaka 1815 ndipo James Baillie Fraser afike Gangotri, na 1817 ndipo John Hodgson asimame mbele ya mdomo wa barafu, kama kilomita 18 juu ya hekalu. Hapakuwa na tundu linalotoka Tibet. Palikuwa na ukuta wa barafu, na mto ukitoka chini yake.

Hapa tuombe ruhusa ya kutoka njiani kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe latugusa sisi wa Maziwa Makuu. Katika zama hizo hizo za shauku ya chimbuko la mito, Francis Wilford, afisa aliyeishi Benares, alichapisha mwaka 1792 makala marefu yaliyodai kuonyesha chimbuko la Nili na Milima ya Mwezi kwa ushahidi wa vitabu vya kale vya Wahindu. Baadaye ikagundulika kwamba mwanachuoni aliyekuwa akimsaidia alikuwa akighushi maandishi ili kumpa bwana wake alichokitaka. Wilford alikiri mwenyewe mwaka 1805. Pamoja na hayo, Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, bado aliisifu ramani hiyo, ambayo alipewa na Rigby, balozi wa Uingereza kule Unguja. Hivyo kabla Ruwenzori yetu haijatambuliwa na Wazungu, ilikuwa imekwisha kuchorwa Benares kwa Kisanskriti cha kughushi. Mwenye kutafiti vyanzo vya historia yetu kwa vitabu vya wasafiri angefanya vema kuikumbuka.

Turudi. Hekalu tulionalo leo asili yake hutajwa kuwa kazi ya Amar Singh Thapa, jemadari wa Wagurkha, waliotawala Garhwal kuanzia 1804 hadi 1815. Waingereza walipowashinda, waliigawa nchi. Upande wa mashariki, wenye njia ya Badrinath na Kedarnath, wakautwaa. Upande wa Bhagirathi, pamoja na Gangotri, wakamrudishia raja wa Tehri. Mgawanyo huu ndio ulioamua hali ya njia kwa zaidi ya miaka 100. Katika sehemu ya Waingereza palikuwa na vijiji ambavyo mapato yake yalikuwa wakfu wa kulisha wasafiri, uitwao sadabarti. Traill, aliyekuwa mkuu wa Kumaon hadi 1835, akatoa katika fungu hilo gharama ya kujenga njia na madaraja. Fedha ya sadaka ikageuka fedha ya barabara, jambo ambalo watoaji hawakuulizwa. Gangotri haikupata fungu hilo, ikabaki na njia za mbuzi.

Aliyeibadili hakuwa mcha Mungu. Frederick Wilson, Mwingereza aliyehamia Harsil, chini kidogo ya Gangotri, alikodi misitu ya raja, akakata mierezi kwa maelfu na kuieleza mtoni hadi uwandani, huko ilikohitajika kwa mataruma ya reli. Kwa biashara yake alihitaji daraja juu ya korongo la Jadh Ganga, akajenga la kuning'inia. Husimuliwa kwamba wasafiri waliogopa kulikanyaga, ndipo akalivuka mbele yao juu ya farasi wake, mbio. Daraja lilipungua hofu ya msafiri, na mierezi ile ile iliyokuwa ikishika udongo wa mlima ikateremka na maji. Mambo haya mawili yalifanywa na mtu mmoja, katika bonde moja, kwa faida moja.

Reli ilifika Haridwar mwaka 1886. Idadi ya wasafiri ikaongezeka, na tangu hapo swali la maandalizi likawa la wengi, si la mtu na panda wake. Kando ya njia palikuwa na mabanda yaitwayo chatti: mwenye duka alimpa mtu mahali pa kulala na sufuria ya kupikia bila malipo, mradi anunue unga na samli kwake. Asiye na fedha alilala nje. Kwa ajili ya hao alitokea mtawa aliyejulikana kwa blanketi lake jeusi, Baba Kali Kamli Wala, ambaye katika miaka ya 1880 alianzisha Rishikesh jumuiya ya kujenga nyumba za wasafiri na kugawa chakula njiani. Jumuiya hiyo ingali hai. Lakini kipindupindu nacho kilipanda pamoja na watu. Mwaka 1892 serikali iliwatawanya kwa nguvu mahujaji waliokusanyika Haridwar kwa sikukuu, ili kuuzuia ugonjwa, na lawama zake zilidumu katika magazeti ya Kihindi, yaliyouliza kwa nini serikali isitengeneze maji safi badala ya kufukuza watu.

Tukio la miaka miwili baadaye lastahili kusimuliwa kwa utulivu. Mnamo Septemba 1893 mlima uliporomoka karibu na kijiji cha Gohna, katika bonde la Alaknanda, ukaziba mto Birehi Ganga. Nyuma ya kifusi likaanza kujaa ziwa. Wahandisi walipima kimo cha maji siku kwa siku, wakakadiria kwamba yangefurika katikati ya Agosti ya mwaka unaofuata au baada yake kidogo. Hawakujaribu kubomoa kifusi. Walifanya mambo mengine: waya wa telegrafu ulivutwa kutoka ziwani hadi chini, nguzo za alama zikasimamishwa kando ya bonde zikionyesha kimo ambacho mtu angepaswa kupanda, madaraja ya kuning'inia yakafunguliwa na kuwekwa pembeni, njia ya mahujaji ikahamishwa. Ziwa lilifurika tarehe 25 Agosti 1894, na usiku huo kifusi kikavunjika. Mji wa Srinagar wa Garhwal ulifutwa pale ulipokuwa, ukajengwa upya mahali pa juu. Waliokufa ni watu watano: mtawa mmoja na jamaa zake, ambao walikuwa wamekwisha kuondolewa kisha wakarudi.

Tunataja hesabu hiyo si kwa kuusifu ukoloni, ambao misitu ya Himalaya ingali ikiukumbuka kwa jina jingine. Tunaitaja kwa sababu ndiyo mara pekee katika historia hii ambapo maandalizi yalilenga mto wenyewe, siyo msafiri.

Karne ya 20 ilileta magari, na yaliletwa na vita. Baada ya vita vya India na China mwaka 1962, wenyeji wa vijiji vya Nelang na Jadung, mpakani juu ya Gangotri, walihamishwa, na barabara za kijeshi zikapasua bonde. Hujaji akapanda nyuma ya askari. Kwa muda mrefu gari liliishia kwenye korongo la Jadh Ganga, watu wakashuka na kupanda tena kwa miguu; katika miaka ya 1980 daraja jipya lilikamilika, na tangu hapo mtu aweza kutoka Rishikesh mpaka mlangoni pa hekalu, yapata kilomita 250, bila kukanyaga udongo. Mabanda ya chatti yakafa, na majina yake yakabaki kuwa vituo vya basi. Tetemeko la tarehe 20 Oktoba 1991, lililoua watu zaidi ya 700 katika wilaya ya Uttarkashi, lilikumbusha kwamba milima hii ingali ikijijenga. Hata hivyo kazi ya bwawa la Tehri, lenye ukuta wa mita 260, iliendelea mpaka likakamilika mwaka 2006, na mji mkongwe wa Tehri, waliolala mahujaji wengi wa zamani, sasa umo chini ya maji ya Bhagirathi.

Maandalizi yakawa mepesi: likizo ya siku kumi, tiketi, sweta. Sioni sababu ya kuwacheka watu kwa hilo. Mjane wa 1850 angelichagua basi bila kufikiri mara mbili. Lakini wepesi huo uliwakusanya watu wengi mno katika zile wiki chache za Mei na Juni. Tarehe 16 na 17 Juni 2013 mvua iliwahi, ikanyesha juu ya theluji isiyokwisha kuyeyuka. Ziwa dogo la Chorabari, juu ya Kedarnath, likapasuka. Waliokufa na waliopotea walizidi 5,000, na barabara ya Gangotri nayo ilikatika ikiwa na maelfu ya watu upande wa juu. Serikali haikuwa na orodha ya waliopanda. Nani yuko wapi, ametoka kijiji gani, ndugu zake ni akina nani: maswali ya panda yaliulizwa upya, safari hii bila daftari. Kuanzia mwaka 2014 kila hujaji hupaswa kujiandikisha kabla ya kupanda, na alama zake za vidole zilichukuliwa. Kwenda Gaumukh, katika hifadhi ya taifa, huruhusiwa watu 150 tu kwa siku.

Mwaka 2016 ukazinduliwa mpango wa kupanua barabara za mahekalu manne, karibu kilomita 900. Wanajiolojia na wanamazingira walipinga upana wake. Mahakama Kuu ya nchi iliukubali Desemba 2021 kwa hoja ya ulinzi wa mpaka, hoja ile ile ya 1962. Novemba 2023 vibarua 41 walifukiwa katika handaki la Silkyara, kwenye njia ya Yamunotri, wakakaa humo siku 17, wakatolewa wazima na wachimbaji maskini waliokwangua kifusi kwa mikono baada ya mashine kuvunjika. Na mchana wa tarehe 5 Agosti 2025, ukuta wa tope na mawe uliteremka kwa kijito cha Kheer Ganga ukaizika Dharali, kijiji cha hoteli na bustani za matofaa kando ya barabara ya Gangotri, karibu na Harsil ya Wilson. Picha zilizopigwa kutoka Mukhba, ng'ambo ya mto, zawaonyesha watu wakikimbia, na zasikika sauti za wanakijiji wa Mukhba wakipiga kelele na miluzi kutoka juu ili kuwaonya wale wa chini. Hapakuwa na waya wala nguzo ya alama.